Malipo ya Ulemavu Marekani Mwaka 2026: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nyongeza ya Januari na Vikomo vya Mapato ya Kazi

Kila ukikaribia mwisho wa mwaka, wazee na wagonjwa wetu hapa Marekani hupata barua kutoka Social Security, shirika la serikali kuu la hifadhi ya jamii, yenye viwango vipya. Barua imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, watoto wa kuisoma wako kazini, na wengi huanza Januari wakitegemea maneno ya kusikia. Mmoja anaambiwa akifanya kazi hata wiki moja atafutwa. Mwingine anaambiwa afanye tu, hakuna anayefuatilia. Wote wawili wamepotoshwa, na nimeona familia zikiumia kwa upande huu na ule. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, pamoja na viwango vya 2026.

SSDI na SSI si kitu kimoja?

Hapana, na ukichanganya hili kila kitu kingine kitakupotea. SSDI ni malipo ya mtu aliyefanya kazi Marekani, akakatwa kodi ya Social Security kwenye mshahara, kisha akapata ulemavu. Kiasi anacholipwa kinategemea mishahara aliyowahi kupata, na kuwa na akiba benki hakumdhuru. SSI ni msaada kwa mlemavu, asiyeona, au mtu wa miaka 65 na zaidi ambaye kipato na mali yake ni kidogo. Hakuhitaji kuwa amewahi kufanya kazi, lakini kila dola inayoingia nyumbani inaangaliwa.

Wapo wanaopokea vyote viwili kwa sababu SSDI yao ni ndogo. Hao wanabanwa na kanuni za pande zote mbili. Kabla hujamuuliza mtu yeyote swali, tafuta barua yako ya mwisho uone ni ipi kati ya hizo mbili imetajwa.

Nyongeza ya mwaka huu ni kiasi gani, na nani anaipanga?

Ni asilimia 2.8. Mwaka 2025 ilikuwa asilimia 2.5. Hakuna mwanasiasa anayeamua kila mwaka: tangu 1975 nyongeza hii inakokotolewa kwa sheria, kwa kulinganisha kipimo cha bei za bidhaa cha Julai hadi Septemba na cha miezi hiyohiyo ya nyuma. Bei zikipanda sana, nyongeza ni kubwa, kama ile asilimia 8.7 ya 2023. Bei zisipopanda hakuna kitu, na ndivyo ilivyokuwa 2010, 2011 na 2016.

Kwa SSI, kiwango cha juu cha serikali kuu kimetoka dola 967 hadi 994 kwa mtu mmoja kwa mwezi, na kwa mume na mke wote wenye sifa, kutoka 1,450 hadi 1,491. Baadhi ya majimbo, California likiwemo, huongeza fedha zao juu ya hizo. Mengine, kama Tennessee na Arizona, hayaongezi. Ndiyo maana dada yako wa Sacramento anaweza kulipwa zaidi yako wewe wa Nashville na nyote mko sawa kisheria.

Kwa SSDI hakuna kiwango kimoja. Wastani wa mfanyakazi mlemavu umepanda kutoka kama dola 1,586 hadi 1,630.

Barua inasema nimeongezewa, mbona benki naona kidogo?

Kama una Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee na walemavu, tazama makato ya sehemu B, ile inayolipia madaktari. Yalikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, sasa ni 202.90. Tuseme SSDI yako ilikuwa dola 1,200. Asilimia 2.8 inakuongezea kama dola 33, makato mapya yanachukua karibu 18, unabaki na 15 hivi. Hujaibiwa.

Kama kipato chako ni kidogo, uliza ofisi ya jimbo lako ya Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kuhusu mpango wa kukulipia makato hayo ya Medicare. Inanisikitisha jinsi watu wengi wanaostahili wasivyowahi kuomba. Dola 202 kwa mwezi ni chakula cha wiki kadhaa.

Na kodi ya nyumba je?

Ukiwa kwenye nyumba za serikali au una vocha ya Section 8 ya kusaidiwa kodi ya nyumba, kwa kawaida unalipa karibu asilimia 30 ya kipato baada ya punguzo zinazokubalika. Malipo yakipanda, kodi nayo hupanda kidogo, na stempu za chakula zinaweza kupungua. Wapelekee barua mpya mapema, wasije wakakudai malipo ya nyuma.

Napokea SSDI. Naweza kufanya kazi?

Ndiyo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hofu ilipo.

Kuna vikomo viwili na watu huvichanganya. Cha kwanza ni cha miezi ya majaribio. Mwaka 2026, mwezi wowote unaopata zaidi ya dola 1,210 kabla ya makato unahesabiwa kuwa mwezi wa majaribio (mwaka 2025 kilikuwa 1,160). Una miezi tisa ya namna hiyo, na si lazima ifuatane: inahesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60. Katika miezi hiyo tisa unapokea SSDI yako yote hata ukipata mshahara wa dola 4,000, ilimradi umetoa taarifa na ulemavu wako bado upo.

Kikomo cha pili kinaanza kufanya kazi miezi tisa ikiisha. Mwaka huu ni dola 1,690 kwa mwezi, na kwa mtu asiyeona ni 2,830. Mwaka 2025 vilikuwa 1,620 na 2,700. Kwa miezi 36 inayofuata, mwezi uliopata chini ya kikomo unalipwa SSDI, mwezi uliovuka kikomo hulipwi. Mara ya kwanza unapovuka, bado unalipwa mwezi huo na miwili inayofuata.

Chukua mtu anayefanya usafi ofisini jioni na kupata dola 1,300 kwa mwezi. Amevuka 1,210, kwa hiyo anatumia miezi yake ya majaribio mmoja mmoja. Ikishaisha, dola 1,300 iko chini ya 1,690, basi anaendelea kulipwa SSDI yote pamoja na mshahara wake. Watu wa namna hii ni wengi, na wengine waliacha kazi kwa hofu tu.

Vikomo hivi hupanda kwa kufuata wastani wa mishahara ya nchi nzima, tofauti na nyongeza ya malipo inayofuata bei. Kwa hiyo usipige hesabu ya asilimia 2.8 juu ya kikomo cha mwaka jana. Tafuta kiwango chenyewe kila Januari. Bosi anapokupandishia saa, hesabu upya kabla ya kukubali.

Miezi 36 ikiisha nikavuka kikomo, ndiyo basi?

Malipo yanafungwa, lakini una miaka mitano. Ndani ya muda huo, ukishindwa kufanya kazi kwa kiwango hicho kwa sababu ya ulemavu uleule au unaohusiana nao, unaweza kuomba kurudishwa bila kuanza maombi mapya. Unaweza kulipwa kwa muda, hadi miezi sita, wakati wanaamua.

Mimi sijaajiriwa. Nasuka nywele, naendesha Uber.

Kwa anayejiajiri, mwezi wa majaribio unahesabiwa ukipata faida ya zaidi ya dola 1,210 au ukifanya kazi zaidi ya saa 80. Saa zinahesabika hata kama hujapata faida. Weka daftari la mapato, mafuta, nywele za kununua, kila kitu pamoja na risiti. Fedha unazolipwa mkononi au kwa Cash App ni mapato kama mapato mengine.

Kuna gharama ninazoweza kuondoa kabla hawajahesabu?

Zipo, na karibu hakuna anayeziomba. Gharama unazolipa mfukoni kwa sababu ya ulemavu ili uweze kufanya kazi, kama dawa, kifaa, au usafiri maalumu kwa asiyeweza kupanda basi, zinaweza kutolewa kwenye mshahara kabla ya kuulinganisha na dola 1,690. Mtu wa dola 1,800 mwenye gharama za dola 200 zilizokubaliwa anahesabiwa 1,600, yuko ndani. Lakini punguzo hili haliingii kwenye hesabu ya miezi ya majaribio.

Vilevile, bosi akikupa kazi nyepesi au mwenzako akikusaidia sana huku ukilipwa mshahara kamili, thamani ya msaada huo inaweza kuondolewa. Omba bosi aandike barua.

Napokea SSI. Nikifanya kazi wanakata dola kwa dola?

Hapana. Wanaacha dola 20 za kwanza za kipato chochote, kisha dola 65 za mshahara, halafu nusu ya kinachobaki hawaihesabu. Tupige hesabu ya mtu asiye na kipato kingine, anayepata mshahara wa dola 885. Ondoa 20 na 65, zinabaki 800. Nusu yake ni 400. SSI yake ni 994 kutoa 400, yaani 594. Mkononi ana 885 na 594, jumla dola 1,479 kabla ya kodi. Aliyekaa nyumbani ana 994.

Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja anafikia sifuri mshahara ukiwa dola 2,073 kwa mwezi. Kikomo cha 1,690 kinaangaliwa wakati wa kuomba SSI mara ya kwanza kwa sababu ya ulemavu. Ukishakubaliwa, hesabu yako ni hii ya nusu.

Nitapoteza matibabu?

Kwa watu wengi hilo ndilo linalotisha kuliko fedha. Kwenye SSI, hata mshahara ukifuta malipo yote, kuna kifungu kinachokuachia Medicaid ikiwa bado ni mlemavu, unaihitaji ili uendelee kufanya kazi, na mshahara haujafika kiwango cha jimbo lako. Kiwango hicho kwa kawaida ni kikubwa. Kwenye SSDI, Medicare inaendelea angalau miezi 93 baada ya ile tisa ya majaribio, maadamu ulemavu upo.

Wanaposema nisiwe na zaidi ya dola 2,000, wana maana gani? Na upatu je?

Hili ni la SSI tu. Kikomo cha mali ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa mume na mke, na hakijasogea tangu 1989. Kila kitu kinapanda Januari isipokuwa hiki. Kwa maoni yangu ni dhuluma: mtu anakatazwa kuweka akiba hata ya kuzika mzazi wake. Lakini ndiyo sheria, na inapima ulichonacho mwezi unapoanza, tarehe 1. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi.

Jamii yetu inanaswa hapa kwa njia nne.

Ya kwanza ni upatu, au chama, au likelemba. Zamu yako ikifika, dola 3,000 zikalala kwenye akaunti yako hadi tarehe 1, umevuka. Ukiwa mweka hazina ni hatari zaidi, kwa sababu fedha iliyo kwenye akaunti yenye jina lako inachukuliwa kuwa yako mpaka uthibitishe vinginevyo. Mwenye SSI asishike fedha za kikundi. Apewe kazi nyingine.

Ya pili ni akaunti ya pamoja. Binti anamweka mama kwenye akaunti yake ili iwe rahisi kumsaidia, anaendelea kuweka mshahara wake humo. Social Security wanaanza kwa kudhani fedha zote ni za mama.

Ya tatu ni kiwanja cha nyumbani. Shamba au kiwanja Tanzania, Kenya au Kongo ambacho ni chako na unaweza kukiuza kinahesabiwa, na unatakiwa kukitaja.

Ya nne ni kugawa akiba. Ukimtumia kaka yako dola 5,000 ili ubaki chini ya 2,000, unaweza kunyimwa SSI hadi miezi 36. Kama unahitaji kweli kuweka akiba, uliza kuhusu akaunti ya ABLE, akaunti maalumu ya akiba kwa walemavu. Tangu Januari 1, 2026 imefunguliwa kwa walioanza ulemavu kabla ya kufika miaka 46. Zamani ilikuwa 26. Fedha zilizo humo hadi dola 100,000 hazihesabiwi kwenye SSI. Hii ndiyo habari njema kubwa ya mwaka huu, na sisikii watu wakiizungumzia.

Mama anaishi kwangu na anakula kwangu. Wanampunguzia?

Chakula hapana. Tangu Septemba 30, 2024, chakula anachopewa mtu hakihesabiwi tena kuwa kipato cha SSI. Malazi bado: kama halipi mchango wa haki wa kodi na umeme, malipo yake yanaweza kupunguzwa, kwa kadiri ya theluthi moja. Mkubaliane mchango wake wa kila mwezi, mwandike, na autoe kweli. Kama alipunguziwa zamani kwa sababu ya chakula na hali bado ni ileile, ombeni hesabu ifanywe upya.

Nataka kwenda nyumbani kuzika, au kukaa miezi miwili.

SSI inasimama ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au mwezi mzima wa kalenda. Ukishafikisha siku 30 nje, lazima urudi na kukaa Marekani siku 30 mfululizo kabla ya kulipwa tena. Kwa hiyo pangeni safari chini ya siku 30, mwache nafasi ya ndege kuchelewa, na mtoe taarifa kabla ya kuondoka. SSDI ni nafuu zaidi: raia wa Marekani anaweza kulipwa akiwa Kenya au Tanzania, lakini asiye raia azungumze na ofisi kwanza, maana kuna kanuni zinazoweza kusimamisha malipo baada ya miezi sita nje.

Na kwa wanaouliza kama michango ya NSSF ya nyumbani inaweza kuunganishwa na ya huku: Marekani haina mkataba wa namna hiyo na Kenya wala Tanzania.

Nilikuja kama mkimbizi. Kweli SSI ina mwisho?

Ndiyo, kwa asiye raia. Mkimbizi anaweza kupokea SSI kwa miaka saba tangu alipopewa hadhi hiyo. Ikiisha, inakatwa, hata kama ana miaka 80 na haoni. Akiwa raia, ukomo huo haumhusu tena. Mwenye kadi ya kijani anaweza pia kuokolewa na robo 40 za kazi (kama miaka kumi ya kazi yenye kodi ya Social Security), na robo za mwenzi wa ndoa zinaweza kuhesabiwa.

Hesabu ya miaka hapa ni ya kuishika. Kadi ya kijani ya mkimbizi hurudishwa nyuma hadi tarehe aliyoingia, hivyo kwenye miaka mitano anaweza kuomba uraia. Anabaki na miaka miwili tu kabla ya SSI kukatika, na maombi huchukua muda. Mzee ambaye ugonjwa wa akili au wa mwili unamzuia kujifunza Kiingereza anaweza kusamehewa mtihani kwa fomu N-648, inayojazwa na daktari au mwanasaikolojia tiba. Uzee peke yake hautoshi. Daktari lazima aeleze jinsi ugonjwa unavyozuia kujifunza. Anzeni kuzungumza na daktari mwaka wa nne.

Kijana wangu yuko shule na ana SSI. Akipata kazi ya likizo?

Mwanafunzi aliye chini ya miaka 22 hahesabiwi mshahara hadi dola 2,410 kwa mwezi, mradi kwa mwaka usizidi 9,730. Mwache afanye kazi.

Natoa taarifa lini, na vipi?

Kwa SSI, mabadiliko yaripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Kwa SSDI, mara tu unapoanza kazi, kuacha, au mshahara kubadilika. Hii inahusu pia kuhama nyumba, kuoa au kuolewa, na mtu mpya kuingia nyumbani. Ukiripoti mshahara ofisini, dai risiti. Ni haki yako kisheria. Hifadhi hati zote za mshahara. Usitegemee kwamba "wanaona kwenye kompyuta". Wanaona, ila baada ya mwaka au miwili, na hapo deni limeshakuwa kubwa.

Nimepata barua kwamba nililipwa zaidi na wanataka fedha zao.

Usiitupe na usinyamaze. Kama unaona wamekosea hesabu, una siku 60 za kukata rufaa, kwa fomu 561. Kama hesabu ni sahihi lakini kosa halikuwa lako na huna uwezo wa kulipa, omba msamaha wa deni kwa fomu 632, ambayo haina tarehe ya mwisho. Unaweza kutuma zote mbili. Ukiwahi ndani ya siku 30, kwa kawaida hawaanzi kukata mpaka waamue. Kwenye SSI makato ya kawaida ni asilimia 10 kwa mwezi. Kwenye SSDI, mwaka 2025 walitangaza kukata nusu ya malipo, jambo linaloweza kumfukuza mtu nyumbani kwake, kwa hiyo omba kiwango kidogo mara moja na uwaonyeshe bili zako.

Kiingereza changu ni kidogo. Nimpeleke mtoto wangu akatafsiri?

Msimpeleke mtoto wa shule. Social Security wanatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, ofisini au kwa simu. Piga 1-800-772-1213, subiri mhudumu apokee, kisha sema neno "Swahili". Kama lugha yako hasa ni Kinyamulenge, Kibembe au Kizigua, itaje hiyo. Kwa hesabu ya kazi na malipo yako mwenyewe, piga simu ya Ticket to Work, mpango wa Social Security wa kuwasaidia walemavu kufanya kazi, 1-866-968-7842, uombe mshauri wa malipo aliye karibu nawe. Ni bure kwa mwenye SSDI au SSI anayefanya au anayetaka kufanya kazi. Kabla ya kupiga, weka mezani barua ya mwisho, hati za mshahara za miezi mitatu, na tarehe uliyoanza kazi.